Nilimkwangua Mtu kwa Wembe

Usiniulize kama nilikuwa nimelala au nilikuwa macho, maana swali hilo nimeulizwa na kila mtu niliyemsimulia na sasa limenichosha. Nilikuwa macho, nimekaa kwenye kiti cha ofisi, mchana kweupe, kalamu mkononi. Pombe sijaionja tangu nizaliwe, na homa siku hiyo sikuwa nayo. Nayasema haya mapema kwa sababu najua ukisikia mtu wa Tanga anaanza kusimulia, wewe tayari unacheka pembeni: haya, huyu naye kaja na majini yake. Humu hamna jini. Humu mna daftari, wembe, na ujinga wangu mimi mwenyewe.

Enzi za Mwingereza, miaka ile ya hamsini, nilikuwa karani wa majina kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Jina la shamba nitalimeza, wapo watu wana wajukuu zao pale mpaka leo. Nilikuwa kijana wa mjini, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, nywele zimechanwa njia, na mwandiko wangu ulikuwa hauna mfano. Wallahi sijisifu. Meneja Mzungu alikuwa akiwaita wageni wake waje kuutazama. Sifa hizo zilinilevya kuliko pombe ambayo nimekwambia sijaionja.

Wafanyakazi wa mkonge wakati ule waliitwa manamba. Walitoka mbali, Buha, Urundi, Umakonde, wakiletwa kwa malori kwa mkataba wa miaka miwili, na kila aliyefika alipewa namba. Jina lake niliandika mara moja tu, kwenye daftari langu, mstari mmoja mtu mmoja: namba, jina, jina la baba, kwao, mke, siku aliyofika. Vitabu vingine vyote vya shamba havikuwa na majina. Kitabu cha posho kilikuwa na namba. Kitabu cha vyumba vya kambini, namba. Kitabu cha dresa wa zahanati, namba na ugonjwa. Ukitaka kujua namba mia mbili ni nani, sharti uje kwangu nikufungulie daftari nikusomee. Umeelewa? Vile vitabu vyote vilikuwa vinaegemea mstari wangu, na mstari wangu ndio uliokuwa mtu.

Sasa, kulikuwa na utaratibu, na kila karani wa mkonge aliujua. Mtu akifa au akitoroka, unampiga mstari mwekundu juu ya jina, unaandika sababu pembeni, halafu unakwenda kwenye vile vitabu vingine vitatu unaifunga namba yake huko pia. Hufuti. Hukwangui. Na namba yake hapewi mtu mwingine. Nilikuwa nikiona utaratibu huo umewekwa na wazee wavivu wasiopenda kazi safi. Ukurasa wenye mistari myekundu mitano ulikuwa unaniuma machoni.

Namba mia nne kumi na saba alikuwa Muha wa Kasulu, jina lake Lazaro Bukuru. Mtu mkimya, ana pengo la jino la mbele, na kwa kulionea haya, akizungumza aliziba mdomo kwa mkono. Mwiba wa mkonge ulimchoma mguu wa kushoto, kidonda kikaoza. Dresa wetu, Mbondei mmoja aitwaye Yohana, alimpaka dawa ya zambarau wiki tatu, mwisho homa ikamchukua. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu amalize mkataba arudi kwa mke wake. Nilikwenda kuzika. Dini yake si yangu, lakini nilisimama pale, nikaona akitiwa ndani kwa shuka la amerikani, udongo ukarudishwa, msalaba wa fito ukachomekwa. Shika hilo: nilimwona akizikwa.

Nilirudi ofisini nikaahirisha kumpiga wekundu. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja Alhamisi kukagua madaftari, na meneja alishaniambia anataka kitabu kisafi. Nikasema nitaona.

Kesho yake akaja Athumani Kombo. Alikuwa kijana wa Moa, Mdigo, mtoto wa pekee wa mama mjane. Alikuwa na meno meupe yote thelathini na mawili, na alikuwa mcheshi, akicheka kabla hujamaliza kusema. Tulielewana papo hapo, kama unavyojua watu wa pwani wakikutana katikati ya wageni. Alitaka kazi ya kukata mkonge. Nyapara alikuwa tayari kumchukua, lakini daftari langu lilikuwa limejaa hadi mstari wa mwisho, na daftari jipya lilikuwa bado halijaletwa kutoka mjini. Bila mstari hana posho wala chumba.

"Nirudi lini, kaka karani?" akaniuliza.

"Wiki ijayo, au ile nyingine."

"Mpaka Moa na kurudi, miguu yangu hii? Kaka, nitafutie tu kajinafasi."

Ningemwambia asubiri. Ningemlaza hata kwangu siku hizo. Badala yake nikafungua mtoto wa meza nikatoa wembe.

Makarani wa leo hamjui, basi niwaeleze. Wino wa kuchovya haufutiki kwa mpira. Unalaza wembe karibu sawasawa na karatasi, unakwangua polepole unyoya kwa unyoya, unapuliza, unakwangua tena mpaka weupe urudi. Karatasi hapo inakuwa na manyoya, ukiandika wino utatambaa, kwa hiyo unaisugua kwanza kwa ukucha wa dole gumba mpaka ing'ae. Kazi hiyo niliiweza kuliko mtu yeyote mkoa mzima. Nikamkwangua Lazaro Bukuru, na baba yake, na kwao Kasulu, na mke wake. Nikapuliza unga wake mezani. Juu yake nikaandika: Athumani, Kombo, Moa, hana mke. Namba ile ile. Vitabu vile vitatu sikuvigusa, nikijisemea namba si bado ipo, mtu si bado yupo, kuna haja gani? Mkaguzi alikuja Alhamisi, akapitisha kidole juu ya ukurasa ule, akasema safi sana. Nilifurahi siku nzima.

Mambo yalianza kwa kuchekesha. Jioni ile niliyomwandika, Athumani akaenda kuchukua posho, mpimaji akafungua kitabu chake: mia nne kumi na saba, mgonjwa, apewe unga wa uji. Kijana mzima, kifua kama mlango, akapewa uji wa wagonjwa. Tulicheka wote. Akaenda kutafuta chumba, kitabu kikampeleka kwenye chumba cha Lazaro, na mkeka wa Lazaro bado umetandikwa. Aliulalia tu, alikuwa amechoka. Mimi nilijua sababu, ni kwamba sikufunga namba kwenye vile vitabu. Nikasema nitarekebisha nikipata nafasi.

Siku ya nne akaja ofisini anachechemea. Mguu wa kushoto, chini ya goti, kidonda. Kimetokea wapi? Hajui. Hakuchomwa na mwiba wala hakuanguka, aliamka nacho tu. Yohana alimtazama, akafungua kitabu chake akakuta mia nne kumi na saba, kidonda, mguu wa kushoto, dawa ya zambarau. Akachovya pamba akampaka. Alipomaliza akanijia pembeni, akaninong'oneza, "Karani, kidonda kile nakijua. Kina kona tatu. Nilikiosha wiki tatu, nitakisahauje?"

Nilimwambia vidonda vyote vinafanana. Alinitazama kwa dharau, na dharau hiyo nilistahili.

Wiki ya pili Athumani aliacha kucheka. Wiki ya tatu nilipishana naye asubuhi nikamwambia habari za kuamka, akanijibu, "Mwakeye." Hiyo ni salamu ya Waha. Mtoto wa Moa, ambaye hajawahi kuvuka Korogwe, ananiamkia kwa Kiha. Nikamwuliza nani kamfundisha. Akafikiri kidogo, akaziba mdomo wake kwa mkono, na huku nyuma ya ule mkono meno yote yapo, akasema, "Si ndivyo tunavyosema kwetu?"

Niliingia ofisini nikafunga mlango, nikafungua ukurasa. Mwandiko wangu ulikuwa pale, mzuri, Athumani Kombo, Moa. Nikaukaribisha dirishani penye mwanga. Chini ya herufi zangu niliona zile za zamani, zimefifia, lakini zipo. Nilikuwa nimekwangua wino. Alama ya kalamu kwenye karatasi haikutoka.

Sasa nisikilize, hapa ndipo watu hunikatiza.

Ilikuwa saa saba unusu mchana, siku ya pili yake. Mashine za kukamulia mkonge husimama saa hiyo, watu wanakula na kulala, na kimya kinaangukia shamba zima mpaka masikio yanavuma. Meneja alikuwa kwake. Nilikuwa peke yangu, nikipiga mistari kwenye karatasi tupu. Niliinua kichwa nikaona mtu amekaa kwenye benchi la wanaongoja, ndani ya ofisi. Mlango sikusikia ukifunguliwa. Alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, kama manamba yeyote anayesubiri zamu yake. Nguo yake ilikuwa shuka la amerikani, limeingia udongo mwekundu.

Nikamwambia, kwa sauti ile ya makarani ya kuonea watu, ofisi imefungwa rudi saa nane. Aliinua uso. Niamini usiniamini, alikuwa Lazaro Bukuru.

Hakuwa na macho ya moto. Hakuwa na kwato. Yale wanayosimulia watu sikuyaona. Alikuwa yeye vilevile, amekonda, pengo lake pale pale, mguu una zambarau. Kilichonitisha zaidi, na mpaka leo kinanitisha, ni adabu yake. Alisimama kama walivyozoea kusimama mbele yetu, akaziba mdomo kwa mkono, akasema, "Samahani bwana karani. Nimekuja kwenye mstari wangu, nimekuta una mtu."

Nilitaka kukimbia, na mlango uko nyuma yake. Nilisoma Ayatul Kursiyyu moyoni nikaikosea katikati, mimi niliyehitimu msahafu nikiwa mdogo.

"Wewe umekufa, Lazaro," nikamwambia.

"Ndiyo, bwana. Nilikuwa nangoja mstari mwekundu. Hukuupiga." Alisema polepole, akitafuta Kiswahili chake cha bara. "Aliyepigwa mwekundu amemaliza, anapumzika. Mimi umenikwangua. Sipo kwa waliokufa, sipo kwa walio hai. Nalala wapi?"

Ungemjibu nini? Niambie. Alisogea mezani, na nilisikia harufu ya udongo wa chini, ule wa baridi. Akaweka kidole kwenye daftari, juu ya mstari wenyewe, wala hajui kusoma.

"Nirudishie," akasema. "Na usinipige wekundu. Imebaki majuma machache, mke wangu ananingoja. Niandike kama nilivyokuwa. Nitakuja kila siku saa hii mpaka uniandike."

Laiti ningekuwa na kichwa. Haki yake ilikuwa moja tu, mstari mwekundu. Ningemwandika jina lake, nikampiga wekundu hapo hapo, marehemu, nikamwambia nenda kapumzike ndugu yangu, nisamehe. Na kabla ya yote ningempa Athumani mahali pengine pa kusimama, hata kwenye karatasi ya kufungia sukari, ningeandika jina lake na namba yoyote. Lakini nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa mpaka mkojo unanitoka, hilo silifichi, na mtu anayeogopa hutaka tu kinachomtisha kiondoke. Nilishika wembe. Nikamkwangua Athumani Kombo, na Moa yake, karatasi ikabaki nyembamba mpaka mwanga unapita. Nikasugua kwa ukucha. Nikaandika juu ya alama zile za zamani, kalamu ikawa inajiendea yenyewe kwenye mifereji yake: Lazaro, Bukuru, Kasulu, mke Nyamizi. Bila wekundu.

Nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu. Kwenye mbao palikuwa na udongo mwekundu kiasi cha kujaza kiganja. Niliufagia mwenyewe.

Daftari jipya linakuja Jumamosi, nikajiambia. Athumani nitamwandika ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Ni siku tatu tu, siku tatu ni kitu gani?

Alfajiri yake niliamka mapema nikaenda kwenye uwanja wa kuita majina, jambo ambalo makarani hatukulifanya. Nyapara alikuwa ameshika taa ya chemli na karatasi ya siku, niliyomnakilia jioni kutoka daftarini. Akaita mia nne kumi na saba, Lazaro Bukuru. Nilisubiri watu washtuke. Si walimzika? Si walimlilia? Hakuna aliyegeuka. Na kutoka kwenye safu, kijana wa Moa mwenye kifua kama mlango akajibu, "Nipo."

Nilimfuata mpaka kwenye mkonge nikamshika bega, nikamwita Athumani. Alitazama nyuma yake kuona naitwa nani. Nikamtajia mama yake, Bi Riziki, nikamtajia Moa. Alinisikiliza kwa heshima, mkono mdomoni, akasema, "Bwana karani, umenifananisha." Alipouondoa mkono, wallahi, jino la mbele halikuwepo.

Nilikimbilia kwa Yohana. Yeye ndiye shahidi wangu, nikasema, yeye kakijua kidonda. Nikamkuta anaviringisha bendeji. Nikamwuliza, unamkumbuka Athumani, yule wa kidonda cha kona tatu? Akasema, "Athumani yupi? Lazaro ndiye mwenye kidonda, na anaendelea vizuri. Nilidhani yule tutamzika." Hakuwa anatania. Yohana hakuwa mtu wa utani.

Nilikwenda makaburini peke yangu. Nilihesabu makaburi kutoka kwenye mwembe mdogo wa pembeni, la sita ndilo lililokuwa lake. Yalikuwa matano. Baada ya la tano palikuwa na nyasi, ngumu, za zamani, udongo haujawahi kuguswa na jembe. Nilikaa chini nikalia.

Utasema, si ungefungua tena daftari ukamrudisha kijana? Nilijaribu. Niligusa tu ile karatasi kwa wembe ikapasuka pembeni, ikabaki imeshikwa na uzi. Nikajiuliza, ikitoboka, ni nani atakayetoboka nayo? Nikaurudisha wembe mahali pake. Pengine nilikosea, sijui. Siku hizo kila nilichofanya kilikuwa kosa.

Daftari jipya halikuja Jumamosi, lilikuja baada ya majuma matano. Asubuhi hiyo hiyo lilikuja lori la kuwarudisha Waha waliomaliza mikataba. Vitabu vilisema mia nne kumi na saba amemaliza miaka yake, ana haki ya kurudishwa kwao. Nani angepinga? Kidonda kimepona, posho ya safari amepewa, blanketi amefunga mgongoni. Alikuwa ameshapanda, amekaa pembeni ya lori na wenzake wakiongea lugha yao.

Na asubuhi hiyo hiyo akaja mama kutoka Moa.

Alikuwa mwanamke mfupi, kanga zimefifia, kichwani kikapu cha mikate ya kumimina aliyompikia mwanawe. Alikuwa hajapata habari zake tangu aondoke. Alinikuta mlangoni. "Shikamoo mama," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa Athumani wangu, Athumani Kombo. Nimeambiwa karani ndiye anayewajua wote."

Kabla sijajibu, jicho lake likaenda kwenye lori. Mama hahitaji daftari. Alitua kikapu chini akaenda, hakukimbia, alikuwa anatabasamu, akasimama chini ya lori akamshika mguu. "We Athumani, unakwenda wapi bila kuniaga?"

Yule kijana aliinama. Alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee wa watu aliyepotea sokoni. "Shikamoo mama," akasema. "Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe. Shuka."

"Mimi ni mtu wa Kasulu, mama. Mtoto wako anafanana na mimi?"

Uso wa yule mama sitaueleza. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningesema, ningezuia lori, ningekiri mbele ya meneja. Nilichofanya ni kukimbia ofisini, nikafungua daftari jipya, na kwenye mstari wa kwanza kabisa, kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika, nikaandika Athumani, Kombo, Moa, mama yake Riziki. Nikafikiri nikiwahi, atashtuka huko juu, atashuka. Nilipotoka nje lori lilikuwa limeshapita geti, vumbi limejaa, na mama yule amesimama katikati ya vumbi ameshika ndala moja ya mwanawe iliyomvuka.

Alikaa shambani siku tatu, akilala kwa mke wa Yohana. Kila alfajiri alikuja uwanjani kusikiliza majina. Nyapara aliita jina la kwanza la daftari jipya, Athumani Kombo. Kimya. Anaita tena. Mama anatazama huku na huku kwenye safu za watu, kila sura. Mstari ulikuwepo, mtu wa kuuitikia hakuwepo. Siku ya nne nikampeleka mwenyewe Moa, na njiani nikamwambia yote kama nilivyokwambia wewe. Hakunitukana. Aliniambia, "Basi usilifute tena hilo jina. Angalau liitwe."

Sikulifuta. Nyapara alinung'unika, meneja akaniuliza kwa nini naacha mtoro kwenye daftari, nikawadanganya hiki na kile. Kila Idi nilikwenda Moa. Bi Riziki alipika, tukala, akanieleza habari za mwanawe, alivyochelewa kutembea, alivyoogopa kunyolewa. Mimi nilikuwa nasikiliza na haya usoni. Majirani walikuwa bado wanamkumbuka. Kusahauliwa kulikuwa kumeanzia shambani, nami nilianza kuamini kwamba ule mstari mpya ndio unaomshikilia kwao.

Mwaka wa tatu macho yangu yaliharibika, nikaachishwa kazi. Karani aliyenirithi alikuwa kijana wa mjini, kaptula imepigwa pasi. Nilimsihi kwa Mungu mstari wa kwanza usiguswe. Aliitikia. Idi iliyofuata nilifika Moa na kitambaa cha kanga, nikabisha hodi. Bi Riziki alinikaribisha vizuri kama mgeni wa heshima, akanipa maji, akakaa mbele yangu akiniangalia kwa wasiwasi wa mtu aliyesahau jina la mgeni wake. Nikamwambia, mama, ni mimi, karani wa Athumani.

Akaniuliza, "Athumani ni nani, mwanangu?"

Nilidhani uzee. Nikauliza jirani wa kulia, nikauliza wa kushoto. Walinijibu kwamba bibi yule hakujaliwa mtoto. Ndala aliyokuwa ameitundika ukutani haikuwepo, na msumari haukuwepo. Nilirudi shambani siku hiyo hiyo nikamkuta karani kijana. Akanionyesha ukurasa wa kwanza kwa fahari, unang'aa, hauna doa. Alikuwa amemkwangua mtoro akamwandika mtu mwingine. Mkaguzi alikuwa anakuja.

Sasa mimi ni mzee, nakaa hapa Makorora, sioni vizuri wala silali vizuri. Lile benchi huwa naliota, limejaa watu wamekaa wanangoja. Nakuomba wewe unayeshika daftari la watu, liwe la shule, la msikiti, la hospitali, la ukoo wenu: aliyetoka mpige mstari juu, umwache asomeke. Usimwondoe mtu ili umweke mtu. Kama ukurasa umejaa, washa taa, shona ukurasa mwingine.

Na jambo la mwisho, usilichukulie mzaha. Nimemwuliza kila mtu niliyefanya naye kazi, hakuna anayemjua yule kijana. Mama yake alifariki hamjui. Jina lake ni Athumani, mwana wa Kombo na Riziki, mtu wa Moa, mcheshi, mwoga wa kunyolewa. Nilikuwa nalijua peke yangu, na nimekusimulia ili nikifa libaki na mtu.